Hakuna Aliyemsemea Bi Katibu

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Bi Katibu hakuwahi kuinua mkono mkutanoni. Mkono wa kulia ulishika kalamu, wa kushoto ulikandamiza daftari lisipeperushwe na upepo, na alipoulizwa kwa nini hapigi kura ilhali ni mkazi kama wakazi wengine, alijibu kwamba anayeandika maneno ya watu hana budi kukaa mahali ambapo kila upande unaweza kumwamini. Wapo waliosema hayo ni majivuno. Mimi nilikulia nyumba ya tatu kutoka kwake, Manzese, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti, na nilidhani kila mtaa duniani una mwanamke wa namna hiyo. Nilipofika chuo kikuu kusoma falsafa ya siasa ndipo nilipotambua kwamba wengine hawakuwa naye, na kwamba wanazuoni wameandika vitabu vinene wakitafuta jambo ambalo yeye alikuwa akilifanya kwenye kiti cha plastiki, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani.

Cheo chake hakikuwa na barua. Kwa utaratibu, kuandika muhtasari ni kazi ya mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa. Lakini watendaji walikuja na kuhamishwa, na siku moja, kabla sijajua kusoma, mmoja wao alichelewa, mkutano ukamwomba mama mmoja aliyewahi kuwa karani wa masjala aandike kwa siku hiyo tu. Siku hiyo haikuisha. Watendaji waliofuata walimkuta pale na wakashukuru. Watu wakazoea kumwita Bi Katibu, na jina lake halisi likabaki kutumika kliniki.

Alikuwa na tabia ya kusoma muhtasari wote kwa sauti kabla mtu hajaondoka. Makatibu wa mitaa mingine huusoma mkutano unaofuata, wakati kila mtu amesahau alichosema. Yeye alisema huo ni ujanja wa watu wa ofisini. Alisoma polepole, miwani kwenye ncha ya pua, akimaliza anainua uso na kuuliza, "Nani hajasikia lake?" Ukisema hukulisikia lako, analiandika hapo hapo, mbele yako, hata kama lilikuwa upuuzi. Jirani mmoja aliyekuja mkutanoni amelewa alipiga kelele mara tatu kwamba anaonewa. Muhtasari ukasomeka: "Mjumbe mmoja alisema anaonewa. Aliulizwa na nani. Hakufafanua." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Katibu hakucheka, na wiki iliyofuata alikwenda kwa yule jirani asubuhi, kabla jirani hajalewa, kumuuliza tena ni nani anayemwonea. Walizungumza muda mrefu. Hakutuambia jibu, kwa kuwa halikusemwa mkutanoni.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni ile desturi tuliyoiita kusemeana. Sijui aliipata wapi. Nilipomuuliza alisema alichoshwa tu na kelele. Kanuni yenyewe ilikuwa fupi. Panapotokea jambo ambalo uamuzi wake utamuumiza mtu, hakuna mkono utakaoinuliwa mpaka mtu wa upande mwingine, yaani anayefaidika na uamuzi huo au asiyeguswa nao, asimame na kueleza hoja ya yule atakayeumia. Aieleze vizuri, kana kwamba ni yake. Akimaliza, Bi Katibu humgeukia mwenye hoja na kumuuliza kama amesemewa sawasawa. Akisema bado, msemaji anarudia. Akisema ndivyo, kura inapigwa. Ni Bi Katibu aliyeuanzisha utaratibu huo kila mara, kwa maneno yale yale: "Kabla ya mikono, nani atamsemea?"

Nakumbuka siku vijana wa bodaboda walipotakiwa kuondoa kijiwe chao kando ya kioski cha maji. Aliyewashitaki alikuwa mama wa mapacha, mwanamke mwenye hasira fupi na sauti ndefu, na kwa kuwa ndiye aliyelalamika kuliko wote, Bi Katibu alimtaka yeye ndiye awasemee. Yule mama alisimama akisonya. Akasema vijana wanakaa pale kwa sababu ndipo abiria wanapotokea barabarani. Akasema wakihamishwa, wengine wataingia kwenye wizi na tutajilaumu sisi wenyewe.

"Bado," akasema mmoja wa vijana, akiwa amekaa juu ya pikipiki. "Hajasema ishu ya kivuli."

"Kivuli gani, we mtoto?"

"Mama, sie tunashinda juani toka asubuhi. Pale pana kibanda. Kisemee na kivuli."

Mkutano mzima uliangua kicheko, na yule mama, akijizuia naye asicheke, akakisemea kivuli kwa maneno mazuri kuliko kijana mwenyewe. Waliondolewa vilevile, kura hazikubadilika. Ila walijengewa kibanda upande wa pili na waume wa wanawake wale wale waliowaondoa, na sikumbuki kusikia neno la kisasi baada ya siku ile.

Msomaji asidhani ninamchora malaika. Nyumbani kwake Bi Katibu alikuwa dikteta. Aliamua kitakachopikwa, saa ya kufunga mlango, na jina la mjukuu wa kwanza, ambalo wazazi walilisikia wakati mmoja na majirani. Mkamwana wake aliwahi kumwambia mbele yetu, kwa upole wenye sumu, "Mama, na mie nisemewe basi hata siku moja." Bi Katibu alijibu kwamba nyumbani si mkutanoni, na siku chache baadaye mwanawe akahamishia familia yake Kinyerezi, ambako, kwa maneno ya mkamwana, hakuna muhtasari. Foleni ya maji hakuiheshimu hata kidogo. Aliweka ndoo mbele, akaamkia watu, akateka, akaondoka. Alikuwa mtu wa pwani kwelikweli na hakuficha kwamba watu wa bara aliwaona wana haraka isiyo na adabu. Afadhali chumba chake cha nyuma kikae kitupu miezi minne kuliko kuwapangisha wao. Hata hivyo, mtu huyo huyo wa bara akisimama mkutanoni, Kiswahili kikamkwama na vijana wakaanza kumwiga, kalamu ya Bi Katibu ilisimama na yeye akasema, bila kupandisha sauti, "Mwacheni amalize." Nilipomwonyesha ukinzani huo, nikiwa na kiburi cha mwaka wa kwanza, alinitazama kwa huruma kidogo. Alisema kumpenda mtu ni jambo lake na Mungu wake, bali kumsikiliza ni jambo la mtaa.

Vyama vya siasa vilipokuja kunadi wagombea alivaa vizuri, akaenda mikutano yote, akapokea kofia na kanga za kila rangi. Hakuna aliyejua kadi yake ni ya chama gani. Mwenyekiti wetu wa mtaa, fundi wa kuchomelea mwenye moyo mwema na kifua kibovu, alikuwa akimtania kwamba atakufa na siri hiyo, na yeye akimjibu kwamba akifa wataikuta kadi chini ya godoro, wanaompenda wamzike nayo.

Likizo ya mwaka wangu wa pili nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa fikra moja. Tulifundishwa kwamba, ili kutunga sheria za haki, watu wajifanye wako nyuma ya pazia, hakuna anayejua atakuwa tajiri au maskini, mwenye nyumba au mpangaji, mzima au mgonjwa; kwa kuwa hakuna anayejua nafasi yake, kila mmoja atachagua sheria ambayo hata aliye chini kabisa anaweza kuishi nayo. Nilimweleza Bi Katibu kwenye kibaraza chake, naye akichambua mchicha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo aliyewaza hayo alikuwa na majirani. Nikasema bila shaka.

"Walikuwa wakishea choo?"

Nikacheka, nikasema sidhani.

"Basi. Sie hapa pazia hatuna, mwanangu. Mie najua kwenu kunavuja wapi, nawe unajua mwanangu alikamatwa kwa kosa gani. Tunaishi hivyo hivyo, tunajuana. Sasa kawaulize hao walimu wako, haki ya watu wanaojuana inakuwaje."

Niliwauliza. Swali lile ndilo lililozaa tasnifu yangu. Wapo wanafikra wa siku hizi wanaosema demokrasia haianzi wala haiishii kwenye kuhesabu kura, kwamba uhalali wa uamuzi hutokana na sababu ambazo watu wamepeana kabla ya kuhesabu, na kwamba aliyeshindwa anaweza kuutii uamuzi uliomuumiza pale tu anapojua alionekana. Wengine wanawajibu kwamba mazungumzo ya namna hiyo huwapendelea wenye ndimi nyepesi. Nilidhani Manzese tulikuwa na jibu kwa pande zote mbili, kwa sababu kwetu aliyelemewa halazimiki kusema vizuri. Wajibu wa kusema vizuri ni wa mwenye nguvu. Niliandika sura nzima juu ya kusemeana. Niliandika kwa mapenzi, na nadhani kwa usahihi.

Nilikuwa katikati ya sura hiyo mtaro ulipoamuliwa.

Hapa sina budi kueleza maji. Mtaa wetu uko bondeni, na kila masika maji ya barabara kuu yaliingia ndani ya nyumba, yakija na kila kitu kilichotupwa juu. Mwaka uliotangulia mzee mmoja aliyepooza alibebwa juu ya mlango uliong'olewa, maji yakiwa mapajani mwa waliombeba. Hakuna mtu, hata mmoja, aliyeukataa mtaro. Manispaa ilimleta fundi sanifu, akapima, akasema maji yanaweza kupitishwa njia mbili. Ya kwanza ilipita nyumbani kwetu, ikichukua jiko, bafu na chumba cha mama yangu. Ya pili ilipita kwa Bi Katibu, ikichukua vyumba viwili vya mbele na kibaraza, na kumwachia kile cha nyuma, ambacho ukuta wake haungesimama peke yake. Kwa kuwa kazi ingefanywa na nguvu za wakazi wenyewe, na makazi yetu hayajapimwa, fidia haikuwepo. Fundi aliweka alama ya rangi nyekundu kwenye kuta zetu na zake, akasema tuamue wenyewe.

Mama yangu hupika vitumbua. Chumba kile, jiko lile na bafu lile ndiyo maisha yake yote, pamoja na karo yangu. Wiki ile alizunguka nyumba hadi nyumba. Hakumsema Bi Katibu vibaya, na hilo nitamshuhudia popote. Alisema tu kwamba Bi Katibu ana watoto wenye nyumba, na yeye ana mtoto mwenye vitabu. Asubuhi ya mkutano nilikuwa nikivaa, naye akasimama mlangoni akinitazama kwa namna iliyonifanya niache vifungo.

"Leo usiwe msomi," akasema. "Leo uwe mwanangu."

Nilifunga vifungo vilivyobaki. Nilijua alichokuwa akiniomba, na nilijua kwamba amejua nilichokuwa nimepanga.

Mkutano ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Mwenyekiti alieleza njia zote mbili kwa uaminifu, akikohoa. Watu kadhaa walizungumza. Wengi walisema njia ya pili ni fupi zaidi. Bi Katibu aliandika. Alikuwa kwenye kiti chake, kalamu mkononi, na nyumba iliyokuwa ikizungumzwa ni yake. Kisha maneno yakaisha, na ukaja wakati ambao kwa miaka yote alikuwa akiinua uso na kuuliza ni nani atakayemsemea anayeumia.

Hakuinua uso.

Watu walingoja. Mwenyekiti alimtazama, akatutazama sisi, akamtazama tena. Baadaye, kila niliyezungumza naye aliniambia jambo moja: walidhani ameridhia. Yeye ndiye mwenye ile kanuni, walisema. Kama angeitaka angeiita. Walimheshimu mno kiasi cha kudhani kwamba kunyamaza kwake nako ni sehemu ya utaratibu. Lakini angeiitaje? Kuuliza "nani atanisemea" kungekuwa kutoka kwenye kiti cha katibu na kuwa mlalamikaji, na kuanzia hapo kila neno aliloliandika siku ile lingekuwa neno la mwenye nyumba. Alikuwa amejifunga kwa kanuni yake mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mikononi mwetu. Mtu yeyote angeweza kusimama. Na katika umati ule alikuwapo mmoja aliyekuwa akilielewa jambo hilo lote waziwazi, kwa lugha mbili, tena akiwa na rejea za kitaaluma.

Bega la mama lilikuwa limeegemea langu. Nilikuwa upande unaofaidika. Mimi ndiye niliyepaswa, kuliko mtu mwingine yeyote pale. Nilikuwa na maneno tayari. Ningesema kwamba huyu mama haishi kwa watoto wake kwa sababu huko hakuna anayemhitaji. Ningesema kwamba kibaraza chake ndiyo ofisi pekee ya mtaa ambayo haijawahi kufungwa. Dakika mbili zingetosha. Kura zisingebadilika, nililijua hata hilo. Ila niliogopa kwamba nikisema vizuri, zingeweza kubadilika.

"Haya," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Wanaokubali njia ya pili."

Mikono ikainuka. Wa mama. Na wangu.

Bi Katibu alisimama kuhesabu kama ilivyokuwa kazi yake, akimwelekezea kalamu kila mmoja. Ilipofika kwangu haikukawia, wala haikuharakisha. Kisha akakaa, akaandika, akarekebisha miwani na kusoma. Alipofika mwisho alisoma hivi: "Kabla ya kura, hakuna aliyesimama kumsemea mwenye nyumba. Njia ya pili imepita." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Nani hajasikia lake?"



Vijana waliivunja nyumba ile kwa adabu, bati moja moja, kama watu wanaomvua mgonjwa nguo. Aliwapikia chai. Kabla ya mwezi kwisha alikuja binti yake kutoka Kibamba na gari la mizigo, na mtaa mzima ukatoka kumsindikiza. Wanawake walilia, na mama yangu alilia kuliko wote, kwa kweli kabisa, mpaka ikabidi ashikwe. Madaftari alimkabidhi mtendaji. Mkutano uliofuata uliandikwa na mtu mwingine, na lilipotokea jambo la mpangaji mmoja kuumizwa na uamuzi wetu, tulikaa kidogo tukiangaliana, kisha Mwenyekiti akaitisha mikono. Hatukuifuta ile desturi. Hakuna muhtasari unaosema tumeifuta.

Mimi nikarudi chuoni, nikamaliza sura yangu. Tasnifu ilisifiwa. Nilialikwa kuizungumzia mbele ya wahadhiri, na nilizungumza juu ya kusemeana katika wakati uliopo: wakazi hufanya, wakazi husema. Mhadhiri mmoja aliuliza, bila hila yoyote, kama utaratibu kama huo unaweza kustahimili pale ambapo msemaji mwenyewe ana kitu kikubwa cha kupoteza. Nilijibu kwamba ushahidi uliopo bado ni mdogo. Wakapiga makofi.

Masika yakaja. Maji yalishuka, yakaingia mtaroni, yakapita. Chumba cha mama kilibaki kikavu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, naye alikuwa akiamka kugusa sakafu kwa kiganja. Hilo nalo ni kweli, na sitaki mtu alisome hili akidhani mtaro ulikuwa kosa.

Mwaka mzima ulipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda Kibamba. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, ambayo ilikuwa bado haijapigwa lipu, ameketi kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani. Alikuwa amepungua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha ambayo sikuistahili, akamwambia binti yake alete chai, akaniuliza hali ya mama na miguu yake inayovimba, na ya Mwenyekiti na kifua chake. Akauliza kama maji yanapita. Nikasema yanapita vizuri. Akasema alhamdulillahi.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka machache.

"Bi Katibu, siku ile ilinipasa kusimama."

"Nilikuona," akasema, akiokota chuya. "Ulishika kiti kama unataka kusimama. Nikasema huyu anasimama."

Nikamwambia niliogopa kumpotezea mama chumba. Akatikisa kichwa, si kwa kunilaumu.

"Usingempotezea. Njia ya kwenu ilikuwa na kona mbili, maji yangerudi nyuma. Mie niliiona ramani kabla yenu, yule fundi aliiacha kwangu siku tatu. Nilikuja pale nimeshaamua kuwapa ile nyumba."

Sikuelewa, nikamwambia sielewi.

"Nilikuja kuwapa. Asimame mmoja tu, aseme huyu mama anapoteza hiki na hiki. Niulizwe nimesemewa sawa, niseme ndivyo, haya chukueni. Hata mkono ningeinua siku hiyo." Alipuliza makapi. "Hakusimama mtu. Nikabaki naandika."

Binti yake alileta chai, akarudi kwenye kamba ya nguo. Nilishika kikombe bila kunywa. Nilitaka kuomba msamaha, lakini niliona kwamba msamaha ningeuomba kwa ajili yangu, na kwamba ningempa tena kazi ya kunisikiliza. Ni yeye aliyeanza tena.

"Nasikia umeniandika kitabu."

"Si kitabu, Bi Katibu. Ni tasnifu tu, ya chuo."

"Na siku ile umeiandika?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, na akaendelea na mchele wake.

Ndipo ikasikika hodi kwenye uzio. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa pale, mwanamke kijana mwenye daftari kwapani na vumbi miguuni. Uzio wenyewe ulikuwa wa michongoma mifupi, inayomfika mtu kifuani. Alimsalimu binti, akaeleza kwamba jioni kuna kikao cha kuamua njia ya kuingilia viwanjani. Wenye viwanja wanagombana, kila mtu anasema na hakuna anayeandika, na kikao kilichopita kilivunjika kwa mawe. Wamesikia kwamba hapa anaishi mama aliyekuwa katibu huko Manzese miaka mingi. Wanamwomba. Hata kwa leo tu.

Binti aliacha nguo aliyokuwa akiianika, akamgeukia mama yake. Jua lilikuwa la saa tano, na sote wanne tulikuwa tukionana.

"Mwambie nimelala," Bi Katibu akasema.

Binti alisita. Kisha akageuka kuelekea kwenye uzio na kusema, kwa sauti iliyokauka, kwamba mama amelala.

Yule balozi alimtazama Bi Katibu juu ya michongoma, akauona ungo, akaniona na mimi. Hakutabasamu wala hakukunja uso.

"Haya," akasema taratibu. "Akiamka mwambieni tunaanza saa kumi."

Nilipogeuka, Bi Katibu alikuwa amefumba macho, mgongo wima, mikono imetulia juu ya mchele. Nyayo za yule balozi zilififia barabarani. Niliweka kikombe chini, nikangoja ayafumbue ili nimuage. Nilingoja mpaka chai ikapoa, kisha nikaondoka.